Koti Ambalo Mungu Ametushonea

Ukurasa wa Jamaa: Mwili na Roho



Mara nyingi ninaanza ukurasa huu na fungu la Biblia. Mwezi huu nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, siku ya sikukuu ya watoto katika kanisa letu hapa Butembo. Watu walikuwa wengi, nyumba ya ibada haikuwatosha, basi tulitoka nje uwanjani. Katika korali ya wadogo kulikuwa binti mmoja wa miaka saba, mwenye ualbino. Mama yake alikuwa amemfunga kitambaa kikubwa kichwani, kikashuka mpaka shingoni, na juu ya nguo ya korali alimvalisha tiriko ya mikono mirefu. Mimi nikatazama mstari wa watoto nikaona huyu mmoja hafanani na wengine. Nikamkaribia, nikamwambia kwa upole: "Mwanangu, toa kitambaa na tiriko, ili wote muonekane sawa." Akatoa. Watoto wetu wamefundishwa kumtii mchungaji.

Siku ile kulikuwa baridi. Upepo ulitoka milimani, mawingu mepesi yalifunika mbingu, wazee walikuwa ndani ya makoti yao. Hakuna mtu hata mmoja aliyesema habari ya jua. Tulikaa pale kutoka saa nne asubuhi mpaka saa nane.

Siku ya kwanza ya juma, mapema, mama yule alinifikia nyumbani. Hakupiga kelele. Alifunua tu kikwembe alichomfunika mtoto. Uso ulikuwa mwekundu na umevimba. Masikio na shingo vilijaa malengelenge. Macho hayakuweza kufunguka vizuri.

"Pasta," akasema, "miye nilimufunga kile kitambaa. Nikamuuliza, juu ya nini ulitoa? Akaniambia, Pasta njo alisema."

Nikajibu kama mtu asiyejua kitu: "Lakini Mama, jana hakukukuwa jua. Ilikuwa baridi."

Akaniangalia. "Pasta, ile baridi njo inatudanganyaka."

Tulikwenda pamoja kwenye kituo cha afya. Tangu siku ile nimeuliza, nimesoma, nimesikiliza wauguzi na wazazi. Yale niliyojifunza ninawapa leo, ili kosa langu lisirudiwe katika kanisa lako, katika masomo ya watoto wako, au nyumbani mwako.

Baridi ya Butembo inadanganya

Kule Ulaya watu wana majira ya joto, na kabla hayajafika magazeti yao yanawaambia namna ya kutayarisha ngozi kwa ajili ya jua. Sisi tunasoma hayo tunacheka: hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini fikiri. Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero. Kwetu jua halina majira ya kupumzika. Kila siku ya mwaka saa sita linapanda juu sana, na karibu na tarehe 21 mwezi wa tatu na tarehe 23 mwezi wa tisa linasimama sawasawa juu ya vichwa vyetu. Majira yao ya jua kali ni miezi michache. Yetu ni miezi 12.

Kuna jambo la kwanza la kufahamu: joto na kuchoma si kitu kimoja. Jua linatuma miali ya namna nyingi. Ile inayotupa joto, tunaisikia. Ile inayochoma ngozi, ambayo wataalamu wanaiita UV, haionekani wala haisikiki. Unaweza kukaa ndani ya upepo wa baridi, umefurahi, na huku ngozi inaungua.

La pili: mawingu mepesi na ukungu havizuii miali hiyo vizuri. Sehemu yake kubwa inapita, kama vile mwanga unavyopita katika nguo nyepesi.

La tatu: kadiri unavyopanda mlima, hewa ya kuichuja inapungua. Kila unapopanda metre 1,000, nguvu ya UV inaongezeka kwa karibu sehemu 10 kwa 100. Butembo iko juu kupita metre 1,700. Beni iko chini yetu na ina joto zaidi; lakini angalia, mtu wa Beni akisikia joto anakimbilia chini ya mwembe. Mtu wa Butembo anaota jua kama anavyoota moto. Ndiyo sababu nasema baridi yetu inadanganya.

Basi tutapimaje? Kuna kipimo ambacho hata mtoto wa miaka mitano anaweza kukitumia, na hakiombi feza. Simama nje, tazama kivuli chako. Kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, kama asubuhi mapema au jioni, jua halina nguvu nyingi. Kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe, jua linachoma, hata kama unatetemeka kwa baridi. Hapa kwetu saa mbaya ni kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi, na mbaya kupita zote ni katikati ya saa tano na saa nane. Fundisha watoto maneno haya: kivuli kifupi, tafuta kivuli.

Koti la ndani

Mungu alipotuweka chini ya jua hili hakutuacha uchi. Katika ngozi ya kila mmoja wetu aliweka rangi inayoitwa melanini. Hiyo ndiyo inayofanya ngozi yetu kuwa nyeusi, nywele kuwa nyeusi, na macho kuwa na rangi. Si pambo tu. Ni koti. Linapokea miali ile kabla haijafika ndani kuharibu nyama changa ya ngozi. Ndiyo maana mama wa kwetu anaweza kulima siku nzima, miaka 40, na ngozi yake ikavumilia.

Hata hivyo koti hili halitoshi kwa kila kitu. Macho hayana koti kama ngozi. Jua la miaka mingi ni moja ya sababu za ugonjwa wa mtoto wa jicho. Ngozi ya mtoto mchanga ni laini sana, usimwache juani mgongoni bila kumfunika. Na wale wanaosafisha mchanga wa dhahabu mtoni, wajue kwamba maji yanarudisha miali usoni kutoka chini. Kofia pana na maji ya kunywa ni vyombo vya kazi, sawa na beleshi.

Lakini kuna watu waliozaliwa bila koti hili, au wana kidogo tu. Hao ndio ndugu zetu wenye ualbino.

Nani alikosa?

Hapa lazima tuseme wazi, maana jamaa nyingi zimevunjika kwa kutojua. Mtoto mwenye ualbino akizaliwa, baba anasema: "Huyu si wangu, umetembea na Muzungu." Bibi zake wanasema ni laana. Jirani wanasema mama aliona kitu usiku. Mama yule niliyewaambia, mume wake aliondoka mtoto akiwa na majuma mawili.

Ukweli ni huu. Kila mtu ana mbegu mbili za rangi ya ngozi katika jambo hili, moja kutoka kwa baba yake, moja kutoka kwa mama yake. Mtu mwenye mbegu moja nzima na moja isiyotoa rangi, anazaliwa mweusi kama wengine, wala hajui kitu. Mtu wa namna hiyo akioa mwenzake wa namna hiyo, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atapokea mbegu isiyotoa rangi kutoka pande zote mbili. Huyo atakuwa na ualbino. Kwa maneno mengine, kwa kawaida mtoto mwenye ualbino amepokea mbegu kwa baba na kwa mama vilevile. Baba anayesema "si wangu" anasahau kwamba bila mbegu yake mwenyewe jambo hilo halingetokea. Wala usijidanganye kwamba umepata mmoja basi wengine watatu lazima wawe weusi; kila mimba inaanza hesabu upya.

Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamuuliza Bwana ni nani aliyefanya dhambi, yeye au wazazi wake. Soma jibu la Yesu pamoja na jamaa yako. Alikataa swali lao. Hakutafuta mwenye makosa. Alitafuta kazi ya Mungu ya kufanya. Nasi tuache kuuliza nani alikosa, tuulize tufanye nini.

Na majina tunayowaita, tuyaache. "Ndundu" kwa Kilingala, "zeruzeru" kwa Waswahili wa Tanzania, na "Muzungu" tunapocheka njiani, yote yanaumiza. Mtu ana jina lake alilopewa na wazazi. Mwite hilo.

Jua ni mkopeshaji mwenye subira

Jua likichoma ngozi isiyo na koti, siku ile ile utaona wekundu na malengelenge. Baada ya juma moja ngozi inabambuka, inapona, na jamaa inasahau. Lakini ngozi haisahau. Kila kuungua kunaandikwa ndani yake kama deni katika kitabu cha duka. Miaka inapita. Yanatokea madoa ya kahawia, ngozi inakuwa ngumu na kavu kama gamba, midomo inapasuka. Halafu siku moja kuna kidonda kidogo sikioni, shavuni au shingoni ambacho hakiponi. Hiyo inaweza kuwa kansa ya ngozi.

Katika Afrika yetu watu wengi wenye ualbino wanaikuta kansa hii wakiwa bado vijana, kati ya miaka 20 na 40. Hawafi kwa sababu ya ualbino. Wanakufa kwa sababu ya jua walilopewa wakiwa watoto, shambani, kwenye uwanja wa masomo, na (nasema kwa haya) kwenye uwanja wa kanisa. Nilipoelewa jambo hili usingizi ulinikimbia. Zile saa nne nilizomwondolea binti kitambaa chake zimeandikwa katika ngozi yake, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Habari njema ni kwamba kansa hii ikionekana mapema, daktari anaikata kwa operesheni ndogo na mtu anapona. Ikicheleweshwa kwa maombi bila daktari, au kwa dawa za majani, inakula mpaka mfupa. Ndugu wachungaji wenzangu, tuombee wagonjwa, lakini tusimfungie mtu mlango wa lupitali. Kidonda chochote ambacho hakikupona kwa majuma manne, kionwe na muganga.

Namna ya kuwashonea koti

Sasa tuje kwenye kazi. Jamaa inayomlea mtoto mwenye ualbino ifanye haya, na sisi wengine tusaidie.

Kwanza, nguo. Hii ndiyo dawa kubwa kupita zote. Mikono mirefu mpaka kiganjani, suruali au nguo ndefu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Chukua kitambaa, kiinue kuelekea jua. Ukiona mwanga mwingi unapita, hata UV inapita. Kikwembe kizito kinalinda kuliko shati nyepesi, nguo ya rangi nzito kuliko nyeupe, nguo kavu kuliko iliyolowa.

Pili, kofia. Kofia ya mbele tu, ile ya vijana, inaacha masikio na shingo wazi, na pale ndipo vidonda vinaanzia mara nyingi. Tafuta kofia ya kuzunguka yenye ukingo mpana kama kiganja cha mtu mzima. Wanawake wetu wanajua kusuka. Kofia ya majani inatosha. Mwavuli wa mvua ni mwavuli wa jua pia.

Tatu, saa. Kazi ya shamba, kuchota maji, kucheza mupira, zifanywe asubuhi mapema au jioni. Usimtume mtoto huyu sokoni saa sita.

Nne, krema ya jua. Kwenye farmasia soma chupa: kuna namba ya SPF, au FPS kwa Kifaransa. Iwe 30 au zaidi. Ipakwe kwa wingi kabla ya kutoka, usoni, masikioni, shingoni na juu ya mikono, na irudiwe kila saa mbili. Bei yake ni nzito kwa jamaa nyingi, najua. Huko Moshi, Tanzania, katika kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, walianza kutengeneza krema yao inayoitwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ni mfano mzuri kwa Afrika. Lakini usingoje krema ndipo uanze. Krema ni ya kusaidia nguo na kofia, haichukui nafasi yake. Na tafadhali: mawese, vazelini na gliserini havizuii jua. Vinalainisha ngozi tu.

Tano, macho. Watoto hawa macho yao yanacheza-cheza na hayaoni mbali, hata kwa miwani. Si wajinga. Mwalimu amketishe mbele, karibu na ubao, mbali na dirisha lenye jua, na amruhusu kukaribia ubao kusoma. Wakurugenzi wa masomo, ruhusuni kofia na mikono mirefu hata kama sare haisemi hivyo. Msifanye kama mimi.

Sita, akiungua. Mwondoe juani, mwekee kitambaa safi chenye maji ya baridi, mnyweshe maji mengi. Usipasue malengelenge. Usipake dawa ya meno, chumvi wala majivu. Ikiwa ana homa au macho yamefunga, nenda kwenye kituo cha afya.

Wanaolivua koti kwa feza

Vijana wangu, hasa mabinti, sasa neno hili ni lenu. Mmesikia juu ya mtoto anayelia kwa kukosa koti. Basi ni nini hii tunayoiona sokoni? Mtu amepewa koti na Mungu bure, naye anatoa franga zake kila mwezi kununua krema ya kulivua.

Krema nyingi za kujichubua zina hidrokinoni. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Mwanzo unaona weupe unafurahi. Baadaye madoa meusi yenye rangi ya buluu yanatoka mashavuni, pale pale jua linapopiga, na hayo hayatoki kwa urahisi. Nyingine zina dawa kali ya klobetasoli, ambayo daktari anaiandika kwa ugonjwa fulani na kwa siku chache tu. Ukiipaka kila siku ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inachanika mistari, na vidonda vinachelewa kupona, hata kidonda cha operesheni.

Na nyingine, sabuni na krema, zina zebaki. Ninyi wa migodini mnaijua: ni ile ile merkire ya kukamatia dhahabu. Mnajua inavyoharibu figo, inavyotetemesha mikono, inavyomdhuru mtoto tumboni mwa mama yake. Mchimbaji akiona mke wake anamwaga merkire usoni atapiga yowe. Lakini ikiwa ndani ya kopo lenye picha ya mwanamke mzuri, tunaiweka mezani. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano ya Minamata kuhusu zebaki, na mapatano hayo yanagusa yote mawili, dhahabu na krema za kujichubua. Jirani zetu wa Rwanda, mwanzoni mwa mwaka 2019, polisi walipita madukani kuzikusanya krema hizi.

Najua kwa nini mabinti wanazipaka. Kijana anasema hadharani anataka bibi-arusi mweupe. Shangazi anamsifu mtoto mweupe mbele ya dada yake mweusi. Dhambi hiyo si ya binti peke yake. Wavulana, angalieni maneno yenu. Msichana wa Wimbo Ulio Bora, sura ya 1, alikuwa amepigwa na jua katika shamba la mizabibu, ngozi yake nyeusi, naye hakuona haya kusema ni mzuri.

Uongo wa mgodini

Gazeti hili linasomwa katika migodi, kwa hiyo siwezi kunyamaza juu ya jambo la mwisho. Kwa upande wa Ziwa Viktoria, Tanzania, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino walianza kuwindwa na kuuawa. Waganga wa uongo waliwaambia wachimbaji wa dhahabu na wavuvi kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kinaleta bahati. Watoto walikatwa mikono wakiwa hai. Makaburi yalifukuliwa. Maneno hayo yalivuka mipaka, na uongo huu hauhitaji paspoti kuingia kwetu.

Ndugu mchimbaji, wewe unajua dhahabu inatoka wapi. Inatoka katika jiwe. Damu ya mtoto haijawahi kuongeza hata chembe moja katika jiwe. Akikuambia mtu maneno hayo ndani ya shimo au kwenye nyumba ya pombe, usicheke, usinyamaze. Mwambie chifu, mwambie mchungaji, waambie wenye usalama, na jamaa ya mtoto ijulishwe usiku ule ule. Anayenyamaza amemshika mtoto miguu. Na sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu hata yule anayemshitaki mtoto kwamba ni mchawi.

Tanzania hiyo hiyo imetupa pia mfano mwingine. Mwaka 2010 watu wa Lindi walimchagua Salum Khalfani Barwany, mtu mwenye ualbino, awe mbunge wao. Hapa kwetu Kongo, mwanamieleka Mwimba Texas wa Kinshasa, naye mwenye ualbino, alitumia jina lake la uwanjani kutetea wenzake. Na tangu mwaka 2015, tarehe 13 mwezi wa sita ni siku ya dunia nzima ya kuwakumbuka. Makanisa yetu yanaweza kuitumia siku hiyo kwa mafundisho.

Tulichobadilisha

Mtaniuliza: na yule binti? Alipona malengelenge. Macho yalifunguka siku ya tatu. Juu ya sikio la kushoto amebaki na doa, na muuguzi analitazama kila miezi mitatu. Nami ninaliona kila siku ya yenga.

Nilimwomba mama yake msamaha mbele ya wazee wa kanisa, kisha nikamwomba mtoto mwenyewe. Nilipiga magoti ili niwe sawa na macho yake. Aliniuliza jambo moja tu: "Pasta, sasa naweza kuvaa kitambaa yangu?"

Mwaka uliofuata sikukuu ilianza saa moja na nusu asubuhi, ikamalizika kabla ya saa nne. Wababa walifunga shitingi juu ya sehemu ya watoto. Na wamama wa korali waliamua, bila mimi kuwaambia, kwamba watoto wote 32 watavaa kofia za majani, ili asiwepo mmoja wa kutofautiana. Mstari ulikuwa mzuri kuliko ule nilioutaka mimi.

Katika Zaburi ya 121 tunaahidiwa kivuli cha Bwana juu ya jua la mchana. Zamani niliisoma kama maneno ya mbinguni tu. Lakini katika Yona sura ya 4 Mungu alipotaka kumpa mtumishi wake kivuli, alitumia mmea. Leo anaweza kutumia kofia, shitingi, na mchungaji anayekumbuka kutazama saa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika mtaa wetu ni nani mwenye ualbino? Tunamjua kwa jina lake? Ana kofia pana na nguo za mikono mirefu?

2. Mikutano, arusi na matanga yetu, tunaweka watoto wapi kuanzia saa nne mpaka saa kumi?

3. Je, nyumbani mwetu tunasifu weupe wa ngozi kwa namna inayomuumiza mtu?

4. Soma Yohana 9:1-7. Kazi gani ya Mungu inatungoja mwezi huu?

Leo kabla ya kulala, chukueni kopo lolote la krema lililo nyumbani, msome maandiko yake pamoja. Na kesho saa sita tokeni nje na watoto, mpime vivuli.

Bwana awe kivuli chenu. Tutaonana mwezi ujao, akipenda.

Ni mimi mchungaji wenu.